Goti Lililopata Alama 92

Katika mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji, mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, alipata alama 92 kati ya 100 katika hojaji ninayoitumia kupima magoti. Nilizijumlisha alama hizo mbele yake, nikamwonyesha karatasi, nikampongeza, kisha nikaanza kuandika kwenye faili lake kwamba matibabu yamekamilika. Alinitazama kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya upole, "Daktari, asante sana, Mungu akubariki. Lakini mimi bado sijapona."

Mimi si daktari bali ni mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa wagonjwa wetu humwita daktari kila anayewashika goti, nami nimeacha kuwasahihisha. Kwa miaka kumi na zaidi nimekuwa nikiwahudumia watu waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti za goti, yaani zile kanda ngumu zinazounganisha mifupa, wengi wao wakitoka Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega. Nilimuuliza mama yule kama ana maumivu. Akasema hana, isipokuwa kidogo anapobeba mzigo mzito kutwa nzima. Nikamuuliza kama goti linamwachia, yaani kama linalegea ghafla anapotembea, akasema tangu upasuaji halijamwachia hata mara moja. Uvimbe haukuwapo na hakuwa akichechemea. "Basi ni nini, mama?" nikamuuliza, na nakiri kwamba niliuliza nikiwa na haraka, kwa maana wagonjwa wengine wanne walikuwa wakisubiri kwenye benchi.

"Siwezi kuchuchumaa," alinijibu. "Anayepaa samaki siku hizi ni binti yangu. Yuko kidato cha pili. Kila Jumamosi wenzake wakienda kusoma, yeye yuko sokoni na kisu."

Niliichukua tena ile karatasi nikaisoma kana kwamba sikuwa nimeijaza mwenyewe dakika tano zilizopita. Hojaji hiyo hujulikana kama kipimo cha Lysholm. Ilitungwa nchini Uswidi mwaka wa 1982 na kurekebishwa mwaka wa 1985, na hadi leo inatumika katika nchi nyingi kwa sababu ni fupi na inaeleweka kwa urahisi. Ina vipengele vinane. Goti kuachia lina alama 25, maumivu alama 25, goti kukwama alama 15, uvimbe alama 10, kupanda ngazi alama 10, kuchechemea alama 5, kutumia magongo alama 5, na kuchuchumaa alama 5. Mama alikuwa amepoteza alama 5 kwenye maumivu na alama 3 kwenye kuchuchumaa, kwa sababu aliweza kushuka hadi nyuzi 90 tu na hakuweza kupita hapo. Kwa hesabu ya kipimo, matokeo kati ya 84 na 94 huitwa mazuri. Kwa hesabu ya mama, zile alama 3 ndizo zilizokuwa kazi yake, karo ya binti yake na heshima yake mbele ya wenzake sokoni.

Siwalaumu waliotunga kipimo hicho. Waliwatungia watu waliowafahamu, wengi wao wanamichezo, katika nchi ambako watu huketi vitini na kutumia vyoo vya kukalia. Hapa kwetu mtu huchuchumaa anapopaa samaki, anapopalilia mboga, anapofua, anapochochea moto wa mafiga matatu, na anapokwenda msalani, maana nyumba nyingi za vijijini na mitaani zina choo cha shimo. Ipo hojaji nyingine, ya IKDC, kamati ya kimataifa ya wataalamu wa goti, ambayo nayo ni nzuri na imefanyiwa utafiti mwingi, lakini katika mifano yake ya kazi ngumu inataja kuteleza juu ya theluji. Nimewahi kumsomea swali hilo mzee mmoja wa Ahero, mkulima wa mpunga, naye akanitazama kwa subira kubwa akingoja nifike kwenye swali linalomhusu.

Ni vyema nieleze kwa ufupi goti la mama huyu lilikuwa limepatwa na nini. Alikuwa akirudi kutoka ufuko wa Dunga alfajiri akiwa amepakata karai la samaki aina ya ngege juu ya bodaboda, pikipiki ikateleza kwenye kokoto, na mguu wake wa kulia ukabaki umekanyaga chini huku mwili ukigeuka. Alisikia mlio ndani ya goti, na kabla ya saa mbili kupita goti lilikuwa limevimba kama chungu. Picha ya MRI ilionyesha kwamba ligamenti ya mbele ya msalaba, ile inayofupishwa kuwa ACL, ilikuwa imekatika. Ligamenti hiyo huunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele wala kujizungusha kupita kiasi. Ikikatika, mtu anaweza kutembea vizuri kwenye barabara iliyonyooka, lakini akigeuka ghafla goti humwachia. Mama alianguka sokoni mara tatu katika miezi minne, mara moja akiwa na maji moto mkononi, na ndipo daktari wa mifupa akashauri upasuaji. Walichukua kano za misuli ya nyuma ya paja lake mwenyewe, wakazikunja, wakazipitisha kwenye matundu waliyotoboa mfupani, wakazifunga mahali pa ligamenti iliyokatika.

Kwa hiyo upasuaji ulifanikiwa, na lazima niseme hivyo waziwazi. Goti halikumwachia tena. Lakini lilipokuwa juu ya kitanda changu lilikunjika hadi nyuzi 125, na kuchuchumaa kikamilifu, visigino vikiwa chini na uzito wote wa mwili ukiwa juu ya magoti, kunahitaji kukunjika kuliko huko. Nilikuwa nimeiandika ile 125 kwenye faili mara tatu mfululizo na kila mara nikaweka alama ya kuridhika, kwa sababu mtu hahitaji zaidi ya hapo ili apande ngazi, aketi kwenye matatu au aendeshe baiskeli. Sikuwa nimemuuliza hata siku moja yeye hufanya kazi yake akiwa ameketi vipi.

Baada ya siku hiyo nilianza kuyapekua mafaili ya zamani na kuwapigia simu baadhi ya wagonjwa niliowaandikia kwamba wamepona. Niliyoyasikia hayakuwa ya upande mmoja, na hapo ndipo jambo hili liliponielemea zaidi, kwa kuwa ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kipimo ni kibaya na mgonjwa ndiye anayejua. Kuna kijana mmoja, mchezaji wa soka kutoka upande wa Kakamega, ambaye alikuwa mwenye furaha kuliko wagonjwa wote niliopata kuwahudumia. Mwezi wa tano baada ya upasuaji alikuwa akikimbia mizunguko kumi bila maumivu. Kila nilipomuuliza kama ameridhika alisema ameridhika kabisa, na kwamba goti hilo sasa lina nguvu kuliko lile lingine. Mwezi wa sita alirudi kwenye ligi ya kaunti. Katika mechi yake ya tatu aliruka kupiga mpira wa kichwa, akatua kwa mguu mmoja, na kipandikizi, yaani ile kano aliyowekewa mahali pa ligamenti, kikakatika.

Nilikuwa nimemwambia asubiri, lakini sikumwambia kwa nguvu iliyostahili, kwa kuwa furaha yake ilinifurahisha na mimi. Leo ninajua kwamba ningepaswa kumwekea mezani mambo mawili. La kwanza ni kwamba kano iliyopandikizwa haibaki vile ilivyowekwa. Katika wiki za mwanzo chembe zake nyingi hufa, mishipa mipya ya damu huingia polepole, na kano hujijenga upya hadi ifanane na ligamenti, kazi inayochukua miezi mingi. Ndani ya kipindi hicho kuna wakati ambapo goti halina maumivu wala uvimbe na mgonjwa anajiona mzima, ilhali kipandikizi bado ni dhaifu kuliko siku kilipofungwa. La pili ni takwimu moja ambayo nimeihifadhi kichwani. Watafiti wa Norway na Marekani waliochapisha kazi yao mwaka wa 2016 waliwafuatilia wanamichezo kwa miaka miwili baada ya upasuaji wa aina hii, wakaona kwamba kwa kila mwezi mmoja ambao mtu alichelewesha kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, kiwango cha kuumia tena kilipungua kwa asilimia 51. Vijana wengi wa hapa hunitajia Virgil van Dijk wa Liverpool, ambaye aliumia goti Oktoba 2020 na wakamwona uwanjani tena mwishoni mwa Julai 2021. Huwa nawaomba wahesabu miezi pamoja nami kwa vidole. Inapita tisa, na huyo ni mtu aliyekuwa na wataalamu na vifaa kila siku.

Hata ile kauli yake kwamba goti moja lina nguvu kuliko jingine ilikuwa na kasoro ambayo ningeigundua mapema. Tunapopima nguvu za msuli wa mbele ya paja, au umbali ambao mtu anaruka kwa mguu mmoja, tunalinganisha mguu uliopasuliwa na ule mzima, na tunataka wa kwanza ufikie angalau asilimia 90 ya wa pili. Lakini mtu aliyekaa miezi sita bila mazoezi makali amedhoofika miguu yote miwili. Mguu mzima nao umeshuka, kwa hiyo ile asilimia 90 inaweza kuwa sehemu kubwa ya kitu kidogo. Siku hizi nawapima wagonjwa kwa kuruka hata kabla hawajapasuliwa, kwa mguu mzima peke yake, nikaandika sentimita zake ili niwe na kitu cha kweli cha kulinganisha baadaye.

Hivyo mama alikuwa na alama nzuri na hakuridhika, na alikuwa na haki. Kijana aliridhika na hakuwa amepona. Nilitafakari jambo hili kwa majuma kadhaa, hata nyumbani, na nikaona kwamba nilikuwa nimechanganya maswali mawili katika swali moja. Swali la kama goti liko tayari kubeba mzigo fulani ni letu sisi wataalamu, na tusimtupie mgonjwa. Swali la kama maisha yamerudi ni la mgonjwa, na tusimjibie. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2004 ulionyesha jinsi maswali haya yanavyoweza kuachana hata kwenye kitanda cha uchunguzi. Muundi kuvutika mbele daktari anapoushika kwa mikono haukuwa na uhusiano wa maana na kuridhika kwa mgonjwa, bali kuteguka kwa goti linapozungushwa huku likikunjwa kulikuwa na uhusiano huo. Naelewa sababu yake. Hakuna mtu anayeishi huku muundi wake ukivutwa mbele na daktari, lakini kila mtu hugeuka.

Kuna pia hofu, ambayo nilizoea kuiona kama jambo la pembeni. Msichana mmoja wa shule ya upili, mchezaji wa netiboli, alimaliza mwezi wa kumi na moja akiwa amefaulu kila kipimo. Aliruka vizuri, aligeuka vizuri na msuli wake wa paja ulikuwa na nguvu. Hakurudi uwanjani. Baba yake alikuja kwangu akiwa na uchungu, kwa sababu aliuza ng'ombe wawili na jamaa wakafanya harambee ili mtoto apasuliwe, na sasa alitaka kujua fedha hizo zimefanya kazi gani. Nilimwomba baba atuache kidogo. Msichana aliniambia kwamba kila anapotaka kuruka kudaka mpira anausikia ule mlio wa siku alipoumia. Alilia kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo anafurahi, kwa kuwa sasa anatembea kilomita tatu kwenda shuleni bila kuogopa mfereji wala tope, na hilo ndilo alilokuwa akiliombea.

Nilimweleza baba kwamba binti yake si mvivu na wala si wa ajabu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2014, ambao ulijumuisha tafiti 69 zenye wagonjwa zaidi ya 7,500, ulionyesha kwamba asilimia 81 walirudi kwenye mchezo wa namna fulani, asilimia 65 walirudi kwenye kiwango chao cha awali, na asilimia 55 tu ndio waliorudi kwenye mashindano. Siku hizi kuna hojaji ya maswali 12 inayopima utayari wa moyo wa mtu kurudi mchezoni, na ningalikuwa nimeitumia mwezi wa sita badala ya kusubiri hadi mwezi wa kumi na moja, pengine tungaliianza mapema ile kazi ya kuizoea hofu. Baba alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza swali moja tu, "Kwa hiyo daktari wetu, amepona au hajapona?" Nilimjibu kwamba goti limepona na kwamba kucheza ni uamuzi wa binti yake. Sidhani aliondoka ameridhika, na sikuona sababu ya kumlazimisha.

Jambo la harambee halikuniondoka akilini, kwa sababu lilinifunulia kwa nini wagonjwa wetu hujibu kama wanavyojibu. Mtu ambaye upasuaji wake umelipwa na shemeji, kanisa, chama cha akina mama na wanakijiji hana nafasi ya kusema hajaridhika. Akisema hivyo ataonekana amekosa shukrani. Ukimuuliza, "Je, umeridhika na matokeo?" atakwambia Mungu ni mwema, na anachokwambia ni kweli, lakini hajajibu swali lako. Nina wagonjwa walionipa alama za juu za kuridhika huku wakiwa wameacha kufuga, wamehamia chumba cha chini kwa sababu ya ngazi, au wameacha kupiga magoti kanisani, au wanaswali wakiwa wameketi kitini, kwa kuwa ngozi ya mbele ya muundi imekufa ganzi au kile kifupa cha mbele ya goti, yaani pia, kinauma kikigusa sakafu. Ganzi hiyo husababishwa na tawi dogo la neva linalopita pale wanapopasua, na maumivu ya kupiga magoti hutokea zaidi pale kano inapochukuliwa mbele, chini ya pia ya goti. Mambo haya yanajulikana kabla ya kisu kushikwa. Muumini anayepiga magoti mara tano kwa siku anastahili kuulizwa na kuelezwa, ili daktari achague kano kwa kulijua hilo.

Swali ninalouliza sasa nililipata kwa mama wa Kibuye, ingawa yeye hajui kwamba alinipa. Siulizi kwanza kama mtu ameridhika. Nauliza, "Tangu uumie, ni kazi gani umemwachia mtu mwingine?" Watu hulijibu swali hilo bila kuona aibu, kwa maana haliwataki wamhukumu daktari wala waliowachangia. Mmoja husema mke wake ndiye anayekamua ng'ombe. Mwingine husema amemwachia ndugu yake pikipiki. Mwalimu mmoja wa Luanda, kule Vihiga, aliniambia kwamba amewaachia wanafunzi wakubwa kazi ya kuokota chaki inapoanguka, na tulipochunguza tukakuta goti lake lilikuwa limebaki na nyuzi saba za kutonyooka ambazo hakuna aliyezishughulikia, wala yeye mwenyewe hakuwa akizitambua.

Hojaji bado nazijaza. Bila ile namba nisingeweza kumwonyesha mgonjwa alipotoka, wala kumzuia kijana mwingine asirudi uwanjani mwezi wa sita. Lakini namba sasa inakaa chini ya ukurasa, na juu yake kuna sentensi moja ambayo mgonjwa husema kwa maneno yake mwenyewe kabla ya upasuaji, nami nikaiandika kama alivyoitamka, iwe kwa Kiswahili au kwa Kijaluo.

Na mama wa Kibuye tulifungua tena faili. Ilituchukua miezi mitano ya kuchuchumaa kidogo kidogo, mwanzoni akishikilia ukingo wa kitanda na kigoda kikiwa chini yake, kisha kigoda kikifupishwa, kisha bila kigoda. Hakufika chini kabisa. Alifika mahali ambapo anaweza kupaa samaki kwa nusu saa, akasimama, akanyoosha mguu, akaendelea. Binti yake amerudi kusoma Jumamosi asubuhi na huja sokoni mchana. Alama za mama katika kipimo cha Lysholm zilipanda kutoka 92 hadi 94, na bado zimo katika daraja lile lile.

Juma lililopita nilimpokea kijana wa bodaboda kutoka Nyalenda ambaye atapasuliwa mwezi ujao. Nilimuuliza anataka kulitumia goti hilo kwa nini. Alifikiri kwa muda mrefu, akiwa ameishika kofia yake ya chuma mapajani. "Nataka nikisimama kwenye tope, abiria akiwa nyuma, niweze kuushikilia uzito wa pikipiki kwa mguu wa kushoto," alisema. Niliiandika sentensi hiyo juu ya ukurasa wa kwanza, nikaweka tarehe, nikamsomea, naye akaniomba niongeze kwamba wakati mwingine abiria huwa wawili.